Nilimlilia Baba Mara Mbili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla mama yangu hajaiona video ya mazishi ya baba, na tafadhali usinitafutie jina, maana wasomaji wako wengi wananijua kwa sura, mimi ni yule wa tamthilia ya jioni, nilianza nikiwa mtu wa kupita nyuma na trei ya vikombe bila kusema neno, nikapanda mpaka nikawa baba mwenye nyumba, na sasa naigiza na kuongoza mwenyewe, na kilichonipa umaarufu ni kulia, sokoni wananiita Machozi, akina mama wananishika mkono wananiambia jana ulitumaliza, nami nafurahi, sikufichi.

Baba alipofariki nikasema shughuli ya video niachieni mimi, nikamleta mpiga video wetu wa kazini, mtu mzima mwenzangu, tumefanya kazi pamoja mpaka tunaelewana kwa macho tu. Siku yenyewe nikafika kaburini, nikashika udongo mkononi, na mshauri, nililia, nililia vibaya, kamasi zikatoka, sauti ikanitoka kama ya mbuzi, sikujua hata nimesimama wapi, na nilipoinuka nikasikia nyuma yangu mtu anasema kwa sauti ya chini, "Samahani bosi, hiyo imenipita, nilikuwa nabadilisha betri," na mimi bila kufikiri, kwa mdomo huu huu, nikamjibu, "Haya, twende tena."

Nikarudi pale pale. Nikaokota udongo mwingine. Nikamwambia baba mdogo, "Sogea kidogo, unaziba mwanga," naye masikini akasogea, na waliokuwa nyuma yake wakasogea pia, nikasubiri mpiga video anyanyue kidole, nikalia upya, mara hii bila kamasi, uso nimeugeuza upande wangu mzuri, na hapo katikati nikajikuta nazipangilia pumzi.

Aliyeniona ni dada yangu mkubwa. Wageni walipopungua tukawa jikoni, yeye anaosha vikombe, mimi nafuta, akaniuliza bila kunitazama, "Leo umelia mara mbili. Kilio cha baba ni kipi?" Nikamuuliza kama mama ameona, akasema, "Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Ataona kwenye video, si ndiyo maana ulirudia?"

Tangu hapo dada hapokei simu zangu, na mama kila nikimpigia anauliza video itakuwa tayari lini, nami namwambia bado inatengenezwa, uongo mtupu, imo kwenye simu yangu, nimeiangalia mpaka najichukia, kwa sababu kilio cha kweli hakimo kabisa, kilichomo ni cha kuigiza, na ngoja niseme tu, kimetoka vizuri, mwanga wa alasiri umekaa begani, na mara ya kwanza kukitazama nilifikiri ningeshikilia uso kidogo zaidi kabla ya kuinama. Mtu anafikiri hivyo juu ya kaburi la baba yake! Nikazima simu, nikajifungia chooni.

Tatizo ni kwamba sauti yangu nikimwambia baba mdogo asogee imeingia, na mpiga video ananiuliza aikate au aiache, nikiikata, dada aliapa siku ile ile jikoni kwamba atamwambia mama yote, nikiiacha mama atanisikia kwa masikio yake. Baba alikuwa hakosi kipindi changu, watu wakiongea sebuleni aliwafokea wanyamaze anisikie, na sasa mama atajua mtoto wao alimfanya baba onyesho. Naona aibu, nashindwa hata kazi, juzi nilitakiwa kulia chozi likagoma, wenzangu wakaniletea kitunguu. Niikate au niiache?

Ni mimi, Machozi

*

Machozi, mwanangu, pole kwa kufiwa. Nimeanza na pole kwa sababu ni haki yako, na kwa sababu baada ya hapa sitakuwa mpole sana.

Kilio chako cha kwanza nakiamini. Anayeigiza hatoi kamasi. Na hata lile "twende tena" naweza kulielewa, maana umeishi miaka mingi na neno hilo na mdomo ukatangulia wenyewe, kama fundi cherehani anavyojikuta anakagua upindo wa nguo ya mtu hata msibani. Lakini kutoka mdomoni mpaka kuokota udongo mwingine kulikuwa na nafasi ya kuzinduka, na hukuzinduka. Ukamhamisha baba mdogo, mtu aliyekuwa anamzika ndugu yake wa damu, eti anaziba mwanga! Unaniandikia hofu yako juu ya mama na dada, na huyo umemtaja kama meza iliyokaa vibaya. Nenda ukamwombe radhi, uende kwa miguu yako, simu haitoshi.

Sasa swali lako. Unaniuliza ukate au uache, na hilo ni swali la fundi wa video, wala si la mtoto aliyefiwa. Usikate kitu. Leo hii mwambie mpiga video aipeleke yote kwa dada yako, nawe uifute kwenye simu yako. Usiniambie unaiangalia ili kujiadhibu. Nakushuku, unajiadhibu huku unajipa maksi.

Ila kabla video haijamfikia mama, wewe uwe umeshafika. Nenda asubuhi, sebule ikiwa haijajaa watu. Usiandike utakachosema, usikikariri njiani, na usichague kiti chenye mwanga. Mwambie, "Mama, nilimlilia baba, kisha nikalia tena kwa ajili ya kamera, na nikamwondoa baba mdogo mahali pake, naona aibu." Basi. Chozi likija, lije. Lisipokuja, usilitafute, na kitunguu kiache jikoni. Akikasirika, mwache akasirike mpaka aridhike, usimharakishe akusamehe ili wewe urudi kazini ukiwa mwepesi.

Dada yako usimpelekee maelezo ya kilio kipi ni kipi. Hakukuuliza ili apate jibu. Yeye naye kafiwa na baba, bwana, na siku nzima alikuwa anahudumia wageni na kuosha vikombe, na akakuona wewe unalia, unamaliza, unaanza tena, wakati yeye hajapata nafasi ya kulia hata mara moja. Ukifika nyumbani, ingia jikoni wewe, umwambie yeye akakae.

La mwisho, na hili ndilo limenisikitisha kuliko yote. Barua yako nimeisoma, kisha nikairudia nikitafuta kitu nisikione. Umenieleza mwanga ulikaa wapi. Umenieleza upande wa uso wako ulio mzuri. Hukuniambia baba yako aliugua nini, wala alikufa mikononi mwa nani. Hukuniambia mama yako anakula au hali, analala au anakesha, nyumba ile sasa amebaki na nani. Kila ukimpigia anakuulizia video, nawe unatetemeka ukidhani anataka kukuona ulivyolia. Siku ile kichwa alikuwa amekiinamisha, umesema mwenyewe, hakuona kitu. Mama yako hakutafuti wewe humo. Anataka kumwona mumewe akisindikizwa, maana siku yenyewe alishindwa kutazama. Ichukue kwa dada yako umpelekee, ukae naye mtazame pamoja, na kama atataka kusema habari za baba yako, nyamaza umsikilize mpaka amalize.