Chumba Chenye Kuta Tatu

Karakana ya Seti,
Alasiri, baada ya kazi.

Dada yangu wa tumbo moja,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa wanangu wote hapo nyumbani. U hali gani? Mgongo umepoa, au bado unainuka kitini kwa awamu? Mimi ni mzima. Vidole vyangu vyote ninavyo, na kwa mtu anayeshinda na msumeno hiyo si habari ndogo. Mama naye hajambo. Najua hukuuliza, nimekujibu tu.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Ningepiga, ungekata nikifika kwenye jina la Baba Mdogo, kama ulivyokata mara zote. Barua haikatwi. Labda uichane, na hata ukiichana, macho yatakuwa yamekwisha kuokota mistari miwili mitatu.

Habari yenyewe ni hii. Mtoto wa Baba Mdogo, huyu ndugu yetu mwongozaji wa filamu, alinipigia na kuniambia anatengeneza filamu ya maisha ya baba yake: kijana fukara aliyefiwa na kaka, akalea yatima, akainuka mpaka akawa na kiwanda cha samani. Alitaka ile nyumba yetu ya zamani, na wewe unajua ilivunjwa barabara ilipopanuliwa, hata picha moja haikubaki. Akasema kila aliyemuuliza habari za mjenzi wa seti, yaani nyumba za kupigia filamu, amemtajia mimi. Kisha akacheka: "Si wewe ndiye fundi wa nyumba za uongo? Basi safari hii nijengee ya kweli."

Nilikubali kabla sijasoma mswada, kosa ambalo hata mwanafunzi wangu hafanyi. Nilipousoma, nilikuwa nimesimama. Nilipofika katikati nikakaa juu ya kopo la rangi, na bahati yangu lilikuwa na mfuniko. Mjane anaingia stoo ya vifaa vya mumewe seremala, kaburi halijakauka. Anabeba randa, misumeno, patasi, mashine ya kukereza, anamkabidhi mwanamume anayesubiri nje na mkokoteni. Na shemeji yake mdogo amesimama uani analia, hamzuii, kwa huruma.

Unaijua hadithi hiyo. Ndiyo aliyoisema mbele ya kikao cha ukoo. Alisimama, akanyoosha mkono juu, akala kiapo kwamba mguu wake haujawahi kukanyaga stoo ile, hata kaka yake alipokuwa hai, na kwamba ufunguo ulikuwa na mwenyewe mmoja tu. Basi vifaa vikipotea, aulizwe mwenye ufunguo. Mama akatoka na mabunda mawili na mimi mkononi. Wewe ukaambiwa ubaki, usome. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Simlaumu yule mtoto hata kidogo. Namlaumu mwanamke aliyemkalisha Baba Mdogo kwenye kiti cha baba siku ya harusi yake, na Mama akasikia habari za harusi kwa muuza vitambaa. Halafu mtu ambaye hakuwahi kumiliki hata nyundo akafungua kiwanda, na hakuna aliyejikuna kichwa.

Nilitaka kukataa. Kuna mchoraji wangu hapa tunamwita Kutu, kwa sababu ukimpa bati jipya asubuhi, mchana litakuwa limezeeka kuliko yeye. Aliniona natafuna penseli, akauliza, nikamwambia. Akasema niachane nao, wakapige filamu yao ndani ya hema. Nikamwambia hapana, nitajenga. Nitaijenga nyumba ile mpaka mwenye kiapo akose pa kuuweka uso wake.

Dada, kujenga kwa kumbukumbu ya mtoto wa miaka mitano ni kazi ya kichaa. Kila kitu ni kirefu, kila mlango ni wa kasri. Ikabidi nitafute kipimo. Nilikumbuka kwamba kizingiti cha dirisha la sebuleni kiliishia puani kwangu. Nikamwazima mtoto wa jirani wa umri ule, nikampima kutoka unyayo hadi pua: sentimita tisini na tano. Hapo nikapata dirisha, na kutoka kwenye dirisha nikapata mlango, na kutoka kwenye mlango nikapata ukuta mzima. Ushoroba niliupata kwa mchezo wetu wa kulala chini, nyayo zangu kichwani kwako. Nikajumlisha urefu wetu, nikaongeza lile pengo ulilokuwa unalijaza kwa mto. Kutu akapaka masizi juu ya mahali pa kibatari cha siku za umeme kukatika, akausugua ukuta wa ushoroba kwa kitambaa chenye mafuta mpaka ukang'aa pale watu walipokuwa wakipitisha mikono. Mlango wa jikoni nikaupaka michirizi ya vanishi, pale Baba alipokuwa akifutia brashi na Mama akigomba.

Wageni wakija kwenye seti hugonga kuta, wakasikia plaiwudi inavyolia, wakacheka. Na huona ajabu kwamba vyumba vyetu vina kuta tatu. Ule wa nne huwa tunaung'oa ili kamera ipate pa kusimama. Stoo nayo niliijenga hivyo hivyo, haina dirisha, kama Baba alivyotaka, maana jua lilikuwa likipinda mbao zake. Upande wa nne nikatundika pazia zito jeusi. Ukifunga mlango, humo ndani huoni hata kiganja chako.

Siku moja mwongozaji akamleta baba yake apite ndani ya "nyumba aliyokulia", kamera ikimfuata, kwa ajili ya tangazo. Alikuja na suti na fimbo. Akanishika bega, akaniita mwanangu wa mwisho, akasema ufundi wa marehemu umehamia kwangu. Sebuleni alikaa, akatokwa na machozi. Akasema hivi ndivyo ilivyokuwa, hivi hivi, hata harufu. Vijana wote wakaguswa. Nami nikaguswa, pengine pabaya zaidi.

Tulipofika ushorobani nikamwambia mpiga picha azunguke, akasubiri nyuma ya pazia la stoo kamera ikiwa wazi, ili apate uso wa mzee akiingia. Kisha nikaufungua mlango kwa mkono wangu. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, karibu Baba Mdogo, hiki ndicho chumba ambacho hukuwahi kukiona, leo angalau ukione. Naye akajibu kwa sauti ile ile kwamba ni kweli kabisa, mguu wake haukuwahi kukanyaga humo. Mwanawe akamwambia aingie tu, awashe taa.

Hapa nakuomba usome polepole.

Mtu akiingia chumba cha gizani asichokijua, hupapasa ukutani kando ya mlango, usawa wa kifua. Au husimama akauliza. Baba Mdogo aliingia, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukafunga, akageuka, na tukasikia magoti yakilia: alikuwa anachuchumaa. Kisha tukasikia kiganja kikipiga plaiwudi, pa, pa, pa. Kisha sauti yake, yenye hasira ya mtu aliye kwake: "Nyie, mbona swichi haipo?"

Nikazunguka seti, wote wakinifuata, nikavuta pazia.

Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, fimbo imeanguka, kiganja kimekaa ukutani usawa wa goti, uso umeelekea kwetu. Kutu, ambaye hana breki, akasema: "Mzee, huko chini unatafuta swichi ya nani, ya paka?" Watu wakaangua kicheko. Mwanawe hakucheka. Alimuuliza taratibu amejuaje kwamba lazima afunge mlango kwanza. Akajibu kwamba nyumba zote za zamani zilikuwa hivyo. Akasema tena kwamba alidondosha kitu. Halafu akasema kwamba kaka yake aliwahi kumsimulia. Majibu matatu kwa swali moja, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Akataka kuinuka, magoti yakamkatalia, akaninyooshea mkono, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sikumpa wangu. Mwanawe ndiye aliyemwinua. Usitegemee nikuambie kwamba niliona vibaya. Niliona vizuri, na taa zote za seti zilikuwa zinawaka.

Sasa ukweli ambao sijamwambia mtu. Baba Mdogo anaeneza kwamba mimi nilijua siku zote swichi ilipokuwa, nikaificha kama nyoka ndani ya gunia la mahindi, nimsubiri. Angekuwa amesema kweli angalau mara moja maishani ningemshukuru, lakini hata hapo amekosea. Sikujua. Nilikuwa na miaka mitano. Nilikumbuka giza, harufu ya vanishi, na taa ikiwaka ghafla. Mkono ulikwenda wapi, sikukumbuka. Nilimuuliza Mama, akaniambia habari za chumba kile alizifunga siku alipotoka. Wewe nisingeweza kukuuliza. Katika nyumba nzima, swichi ile ndicho kitu pekee kilichonishinda. Nikaziacha kuta tupu, nikajisemea kwamba aliyewahi kuingia ndiye atakayenionyesha. Sikuwa na ushahidi wowote mfukoni, Dada. Angesimama tu gizani akaomba taa, ningelazimika kumwashia, kisha nisimame pembeni nitazame mama yangu akifanywa mwizi ndani ya kuta nilizozijenga mwenyewe.

Walipoondoka nilipima mahali kiganja kilipokaa: sentimita arobaini na mbili kutoka sakafuni. Nikatia alama ya penseli, Kutu akaipaka rangi juu isionekane. Kisha nikaenda kumchukua Mama. Sikumwambia lililotokea, nilimwambia tu kwamba kuna kazi yangu nataka aione. Alipita vyumba vyote ameishika shali yake. Mlangoni mwa stoo alisita, nikadhani atageuka. Akaingia. Akausukuma mlango kwa kisigino. Akainama, taratibu, kwa umri wake. Nikachungulia ukingoni mwa pazia: kiganja chake kilikuwa kimetua palepale. Tofauti haikufika upana wa kidole.

Humo humo gizani, bila kuulizwa, akanisimulia. Umeme wa stoo Baba aliufunga mwenyewe. Waya ulitokea chumba cha pili kwa chini, ukamwishia usawa wa goti, naye akasema atauongeza kesho. Kesho hiyo haikufika. Na kwa kuwa mlango ulifungukia ndani ukaifunika swichi, ilibidi uufunge kwanza ndipo uwashe. Mama akasema walioijua swichi ile ni watatu tu: Baba, yeye, na mtoto mkubwa aliyekuwa akitumwa misumari.

Mtoto mkubwa ni wewe.

Mkono haujifunzi swichi ya ajabu kama ile kwa kuhadithiwa, wala kwa kuingia mara moja. Aliingia na kutoka, na Mama yuko kitandani kwa msiba hajitambui, ufunguo uko chini ya mto wake. Hayo sihitaji tena kuyabahatisha, na wewe nadhani hukuhitaji kamwe.

Kazi ya filamu imesimama. Mwongozaji alikuja akakaa kwenye kigoda cha Kutu, akaniuliza afanye nini na mswada. Nikamwambia mimi ni mtu wa kuta, maneno ni yake. Picha ile ninayo nakala. Baba yake ametuma watu, anataka tukutane faragha, tuyamalize kifamilia. Nimemjibu kwamba kiapo hakukila faragha. Wote waliokuwa kwenye kikao kile na bado wanapumua nimewaita hapa karakana Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nimekataza seti isivunjwe mpaka siku hiyo ipite. Aje achuchumae mbele yao. Sijamsamehe, na sijaanza kufikiria.

Naye ametangaza kwamba ana shahidi. Anasema wewe, mwanawe wa kulea, utakuja kumsemea kwamba swichi ilikuwa juu, kando ya mlango, kama za watu wote, na kwamba mimi na Mama tumepanga uongo. Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuombi umsemee Mama, wala sikuombi maneno. Chumba bado hakina swichi. Ukija nitakufungulia mlango, utaingia, utaufunga au hutaufunga, na pazia nitalivuta mimi.

Mama amesema atakaa mbele kabisa. Nilimweleza kwamba huenda ukaja kusimama upande wa yule mtu. Hakugomba, wala hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, nami nimeahidi kulifikisha kama lilivyo: anauliza kama mgongo wako siku hizi unakuruhusu kuinama.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, waambie huyu mama mdogo wao wasiyemjua anajua kujenga hata nyumba ya wanasesere. Kutu anakusalimu pia, ingawa nimemkataza. Afya yako iwe njema, na mgongo wako zaidi ya vyote.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa Nyumba za Uongo.