Picha ya Bwana Usingizi

Kwako dada,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Natumai wewe na watoto hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mzima. Utashangaa kuletewa barua na mtu anayekaa mtaa wa pili, lakini kuna maneno mdomo umeyagomea.

Unakumbuka shemeji ndiye aliyeniombea kazi ya kupiga picha vyura wa jangwani anaowatunza kwenye maonyesho ya wanyama. Nilikaa siku nne mbele ya vioo. Flashi ilikatazwa, kioo kiliota ukungu kwa pumzi yangu mwenyewe, na vyura hawana habari na mtu. Wadogo niliwapata, wa madoa nikawapata. Akabaki Bwana Usingizi, yule mkubwa anayejifukia mchangani kiangazi kizima. Shemeji alinionya kwamba mchanga ule haumwagiwi hata tone kabla ya mwezi wake. Chura yule akihisi maji hudhani mvua imefika, hutoka, na akitoka mapema hana nguvu za kurudi chini.

Picha unayo, umeitundika sebuleni: koo limevimba, anaita majike wasiokuwepo. Mkurugenzi ameibandika mpaka getini. Siku ya tatu baada ya picha hiyo chura alikufa, mchanga ukakutwa umelowa, na mwenye ndoo ya maji pale ni shemeji. Aliapa hakumwaga. Wakamsimamisha kazi. Nawe ukamwambia mbele yangu kwamba siku hizi amezidi kusahau, akubali tu yaishe. Mimi nilikuwa nakunywa chai yenu. Nikaomba sukari.

Dada, kikulacho ki nguoni mwako. Maji niliyamwaga mimi. Shemeji alikwenda kula, nikachukua chupa yangu ya kunywa, nikamimina kidogo kidogo mpaka ikaisha. Haikupita nusu saa Bwana Usingizi akachomoza. Nilipiga picha kumi na moja, na nilifurahi, sikufichi.

Leo asubuhi nimempelekea mkurugenzi maelezo haya haya kwa mkono wangu, pamoja na picha zote, zinazoonyesha saa zilipopigwa. Sijui kama atamrudisha shemeji kazini. Mimi kazi nimeshaikosa, na ni haki. Ninaona aibu, hasa kwa ile sukari.

Itoe picha ukutani. Wasalimie watoto. Mumeo usimpe salamu zangu, nitakuja kumwangukia mwenyewe. Mpe kwanza zako, maana hakusahau kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga picha