Kahawia ya Bi Raihana

Jumanne, 14 Oktoba 2025
Leo mgonjwa ameleta uvimbe wake mwenyewe. Si ajabu hapa Malindi – ukishapasuliwa hukabidhiwa kipande chako ndani ya nta, ukitie mkobani, ukipeleke maabara kipimwe. Lakini huyu amekifunga kwa leso mpya, na asumini juu! Bi Raihana wa Shela, aliyenisomesha juzuu nikiwa na miaka sita.

Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, akasema, hiki usikiangushe, kimeondoka na titi langu.

Nikamweleza. Tunatazama kama seli za uvimbe zina vipokezi vya homoni. Zikiwa navyo, hugeuka kahawia tukizitia rangi, na huenda kidonge cha kila siku kikamtosha. Zisipokuwa navyo, hubaki buluu, na ni dripu za saratani, Mombasa, kwa miezi. Akauliza kama dripu hung'oa nywele. Ndiyo. Akacheka: basi arusi ya binti yangu Safaa mwezi ujao, bwana arusi kipara na mkwewe kipara.

Jumatano, 15 Oktoba
Sifuri. Buluu tupu. Nimempigia Daktari Mwenda, anayetia sahihi ripoti. Atampangia Mombasa, Jumatatu. Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mimi ni mjinga wa daraja la kwanza!

Nimeitazama tena ile slaidi, kioo chenye kipande chembamba cha uvimbe. Pembeni mwa uvimbe pana seli nzima, zisizo na ugonjwa. Hizo ni lazima zionyeshe kahawia kidogo. Nazo buluu! Kwa hiyo sifuri ile si ya Bi Raihana, ni yangu.

Kosa pia nimelijua. Slaidi huchemshwa kwenye sufuria ya presha kabla ya kutiwa rangi, na dakika zake hupimwa kwa saa. Saa ya ukutani imekwisha betri, nami nikahesabu miluzi, kama napika maharagwe nyumbani. Miluzi mitatu, nikazima. Fundi mzima, miaka tisa kazini!

Nimemwambia Daktari bila kuzunguka. Akasema rudia, na ununue betri. Nimenunua nne.

Ijumaa, 17 Oktoba
KAHAWIA! Seli nzima kahawia, uvimbe kahawia. Nimepiga kigelegele peke yangu mpaka mlinzi akaja mbio.

Nimehesabu viini mia vya seli: themanini na viwili vimeshika rangi. Nimeandika kwenye kikaratasi, nikakikunja. Daktari huhesabu naye, mia mbili, bila kuona changu. Ndio utaratibu, na tangu jana siudharau utaratibu wowote.

Saa tano unusu. Daktari yuko kwenye darubini, midomo inacheza. Bi Raihana yuko nje, amekuja kuuliza begi la Mombasa alifunge au asilifunge. Nimemwambia angoje kidogo. Uso wangu sijui umemwambia nini.

Daktari amemaliza mia ya kwanza. Hakutaja idadi. Kikaratasi changu hakukiomba. Amevuta kiti: mwite aje ajionee.

Naandika nimesimama. Bi Raihana ameinama, kafumba jicho lililo kwenye lenzi. Nimemwelekeza jicho la kufumba. Sasa ametulia. Anauliza, kahawia yote hii ni yangu mimi? Ndiyo, Bi.

Hasogei. Daktari bado ana mia ya pili ya kuhesabu, kalamu iko mkononi, na hakuna kati yetu anayethubutu kumwambia apishe.