Betri ya Trekta, Sufuria ya Kikundi na Mayai Tisini na Sita

KITUO CHA POLISI, KASONGO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sifa Amuri
Umri: miaka 47
Kazi: mkulima wa mpunga, muuza mandazi
Makazi: Kasongo mjini
Tarehe: 14 Oktoba 2025, saa tatu na nusu asubuhi

Naeleza mambo niliyoyaona mwenyewe, na jambo moja nililolikalia mwenyewe.

Nimekuja kwa ajili ya Consolée. Gaston, katibu wa ushirika wetu wa mpunga, amemshtaki kwamba ameiba betri ya trekta. Katika malalamiko yake amemwandika "mgeni kutoka machimboni". Ni kweli, Consolée alikuja na marehemu mume wake kuchimba dhahabu Lusangi. Lakini miaka sita sasa tunalimiana mashamba kwa zamu, wanawake tisa, na kwa kupalilia hakuna anayemshinda.

Kikundi chetu kina sufuria moja kubwa. Tukimaliza shamba la mtu, sufuria inalala kwake mpaka zamu ijayo. Hatujawahi kushtakiana kwa ajili ya sufuria. Mwezi wa saba ilipofika trekta ya umeme ya ushirika, ilikuja na betri mbili: moja inalima, nyingine inachajiwa kwenye paneli za jua. Sisi tuliona ni jambo lile lile la sufuria. Labda tulikosea, lakini hakuna aliyetuambia kwamba betri ina sheria yake. Tena siku ya mafunzo fundi alituonyesha prizi iliyo ubavuni, akasema trekta ikipumzika, betri inaweza kuwasha nyumba.

Mnamo Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, saa kumi jioni, tulimaliza shamba la Consolée. Mimi na yeye tuliipakia betri kwenye baiskeli tukaisukuma mpaka kwake. Alikuwa na haraka. Nyumbani ana sanduku la kuangulia mayai, alilolitengeneza kwa mbao na balbu, na tarehe 23 Septemba alikuwa ameweka humo mayai tisini na sita. Mawingu yalikuwa yamekaa siku tatu, na kabetri kake ka pikipiki, kanakochajiwa kwa jua, kalikuwa kanakata roho. Mayai yale ndiyo mtaji wake wote. Tulipochomeka waya, balbu zikawaka, naye akakaa chini akalia. Nilimwambia, "Usilie juu ya mayai, yatalowana."

Jumapili majirani walileta simu kuchaji, bure. Naomba iandikwe kwamba simu ya Gaston ilikuwemo. Nilimrudishia mimi, kwa mkono wangu, saa nane mchana. Alisema, "Aksanti mama, iko mia kwa mia." Hakuuliza umeme umetoka wapi. Jumatatu akakuta nafasi ya betri ni tupu, akaja hapa.

Leo saa mbili asubuhi polisi wawili walifika kwa Consolée kuchukua betri kama kielelezo. Mimi nilikuwa jirani, nakaanga mandazi, nikakimbia. Consolée alikuwa akiwaambia, "Baba, mayai iko siku yake leo. Mukitoa waya, yote itakufa." Mmoja akajibu, "Sisi tulitumwa batri. Hatukutumwa mayai." Akanyoosha mkono kwenye waya.

Hapo nikakaa juu ya betri. Mimi si mwepesi, Komanda, unaniona. Nikasema, "Kama batri iko kielelezo, na mayai iko kielelezo. Mubebe vyote, na mimi juu."

Walinisihi, wakachoka, wakabeba vyote. Betri na sanduku vilipanda mkokoteni mmoja, balbu zinawaka, mimi nimeshika waya, polisi wanasukuma. Watu walitoka madukani, wengine wakadhani ni harusi. Nilifurahi, sikatai. Consolée alitembea kichwa chini, nikamwambia akiinue.

Sasa vyote viko nyuma ya kiti chako, na Gaston yuko pale mlangoni ananisikia. Consolée hakuiba. Ilikuwa zamu yake.

Komanda, simamisha kalamu kidogo. Sikiliza. Yanagonga.

Hayo ndiyo yangu yote, na sipunguzi hata neno.

(Sahihi) Sifa Amuri

MAANDISHI YA AFISA: Mimi Serge, afisa wa upelelezi, nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali, ila ametaka iongezwe kwamba mandazi yake yaliungua kwa sababu ya kesi hii. Kazi ilisimama saa tano na dakika kumi, mayai yalipoanza kupasuka. Hadi saa kumi jioni vifaranga themanini na wanane wamehesabiwa, mlalamikaji mwenyewe akisaidia kuhesabu. Ameondoa mashtaka. Betri inarudi kwa Consolée mpaka zamu ijayo. Katika malalamiko neno "mgeni" limefutwa kwa mkono wa Gaston, na juu yake ameandika "mwenzetu".