Antena Kumi Ndani ya Jamvi

Jumatano, Tibirinzi. Jua tangu asubuhi, manyunyu ya ghafla mchana, kisha jua tena. Moyo wangu nao umekwenda hivyo hivyo.

Mimi ni karani wa karakana ndogo inayobuni antena za simu. Si zile za chuma minarani. Hizi huchapwa kwa wino wenye chembe za fedha juu ya plastiki laini, ziweze kupinda na kubandikwa hata kwenye mkono wa shati. Ni za mitandao ya masafa ya juu sana, ambako kosa la upana wa unywele linaharibu kila kitu. Sibuni mimi. Naandika daftari la majaribio: kimefanywa nini, lini, na nani.

Leo umeme ulikatika oveni ya kukaushia ikisubiri antena kumi zenye wino mbichi. Bi Zuhura, mhandisi wetu, alikuwa amekwenda Gombani. Nikafanya nilichozoea tangu utoto wangu kijijini Ole: nikatandika jamvi uani, nikazianika. Wino ulipokauka nikaanza kuzigeuza, kama tunavyogeuza karafuu. Nimefika ya nne, manyunyu haya hapa.

Sikufikiri. Nikalikunja jamvi na antena zote ndani, nikakimbia nalo.

Nimeshaingia ndani ndipo nikakumbuka sheria ya kwanza ya karakana: antena haikunjwi kabla ya kupimwa.

Nilizinyoosha mezani. Kwa macho zilikuwa nzima. Ningeweza kuandika "zimekaushwa" tu, nikanyamaza. Nimebakiza mwezi mmoja wa majaribio ya kazi, na mama amekwishawaambia majirani wote kwamba nimeajiriwa.

Nikaandika yote. Hata namba zilizochapwa kwenye zile nne nilizozigeuza.

Bi Zuhura aliporudi nilimpa daftari kabla hajaketi. Alilisoma mara mbili.

"Mwana wa Ole wee! Ungekuta hata kompyuta yangu ina unyevu, ungeianika?"

"Hapana, Bi Zuhura."

"Usiniapie. Haya, umeme umerudi. Tupime."

Sita ambazo wino wake ulitazama ndani ya mkunjo zilifanya kazi vizuri. Nne nilizozigeuza, wino ukatazama nje, zilikuwa na nyufa ambazo ni hadubini tu inayoziona. Bi Zuhura alieleza kwamba upande wa nje wa mkunjo huvutwa, wa ndani hubanwa, na huenda wino wetu unavumilia zaidi kubanwa kuliko kuvutwa. Wiki nzima alikuwa akijiuliza wino wa antena utazame ndani au nje kwenye mkono wa shati.

Bila zile namba nne, tungeona nyufa tu, tusijue zimetoka wapi.

Hakunisifu. Alisema tu kesho tutachapa nyingine kumi, tuzikunje kwa makusudi ndani ya jamvi lile lile, tuone kama itakuwa hivyo tena.

Woga wangu haujaondoka, na sidhani kama utaondoka mwezi huu. Lakini chai ya jioni nimeinywa yote, na jamvi nimeliegemeza mlangoni mwa karakana nisilisahau asubuhi.