Mbwa wa Kubaki Peke Yake Kutwa

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Manyunyu tangu asubuhi, milima ya Usambara imejifunika hata haionekani, na Kwamndolwa nzima inanukia udongo uliolowa. Nimejilaza mkekani sebuleni, simu kifuani, nusu nimelala nusu niko macho. Naota mbwa.

Msinicheke.

Wiki nzima hii mimi na Bakari, mume wangu, kazi yetu ni kuchagua mbwa. Yalianza siku khanga zangu zilipoanuliwa kambani na mtu ambaye si mimi. Bakari anaondoka alfajiri kwenda Segera, yuko kituo cha mafuta. Mimi nafunga geti nyuma yake, nakwenda sokoni Korogwe kwenye cherehani yangu. Mpaka jioni nyumba ni ya kuku na mijusi. Tukasema basi, tutafute mlinzi.

Sasa aina gani? Hapo ndipo ndoto zilipotuchukua. Bakari anataka Jemani shepadi, masikio wima, wa kumfanya mpita njia avuke upande wa pili. Ameshamwona uani akizunguka. Ameshaanza hata kumwamrisha, maana juzi nilimsikia bafuni akijizoeza, "Kaa! Kaa chini!" Mimi roho yangu iko kwa wale wadogo weupe, manyoya kama pamba, wanaolala kwenye kochi. Nikifumba macho namwona amejikunja miguuni pangu huku nakata kitambaa.

"Huyo wako wa kochi," Bakari akaniambia, "mama akimkuta ndani hatakunywa hata maji kwetu."

Kweli kabisa. Babu zangu walikuja huku kukata mkonge, na kule kambini mbwa alikuwa anaingia anapotaka. Kwa kina Bakari mbwa ni wa nje, akikulamba unaosha mkono kwa maji na udongo ndipo unasali.

Mama mwenyewe, mama mkwe wangu, yuko Kwamsisi. Tangu mzee afariki anaishi peke yake, analima mahindi yake. Masika iliyopita aliteleza shambani, akalala pale pale kwenye tope mpaka jirani alipomwona. Tangu siku ile sina amani. Simu ikilia asubuhi nadhani ni jirani yake. Tulimbembeleza ahamie kwetu, chumba tukakipaka rangi, kitanda tukatandika shuka mpya.

Akaja kujaribu. Hakumaliza hata wiki. Kila jioni nikirudi namkuta kibarazani, mtandio kichwani, mikono mapajani, analitazama geti. Siku ya kuondoka akaniambia, "Mwanangu, hapa kwenu pazuri. Ila hapana mtu."

Niliudhika, nasema ukweli. Moyoni nikajiuliza, kwani sisi ni nani?

Halafu kulikuwa na suala la mbwa wake. Ndiyo, mama ana mbwa. Wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika, anafukuza ngedere kwenye mahindi. Anaitwa Watasema. Mama alimpa jina hilo baada ya msiba, majirani walipokuwa wanapitisha maneno kwamba mjane hataliweza shamba. Basi kila akimwita mbwa wake, wenye maneno yao wanapata jibu lao huko huko majumbani. Kutwa anamsemesha Kizigua, na naapa yule mbwa anaelewa kuliko mimi.

Mama aliuliza kama anaweza kuja naye. Sisi, tena kwa upole wote, tukamwambia amwachie jirani. Mjini hakuna mahindi ya kulinda, tukasema. Bakari akaongeza kwamba watu wa mtaani watatucheka, mbwa koko getini. Wakati huo khanga zangu bado zilikuwa kambani.

Leo asubuhi Bakari alimpigia bwana mmoja wa Arusha anayefuga mashepadi. Akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Yule bwana alitaka kujua jambo moja tu: mchana mbwa atabaki na nani? Bakari akasema, hana mtu, sote tunakwenda kazini. Basi usimchukue, akaambiwa. Atalia, atachimba ua wote, mwisho ataacha kula.

Bakari akakata simu. Akautazama ua wetu, umefagiliwa safi, geti limefungwa. Akasema, "Masikini. Kiumbe gani ataweza kukaa hapa peke yake kutwa nzima?"

Akaingia ndani kunywa chai.

Hakukisikia alichosema. Mimi nilisikia.

Ndiyo maana niko hapa mkekani. Wamenipitia mbwa wote mmoja mmoja kwenye huu usingizi wa mvua. Shepadi kaja, kanusa mlango, kaondoka. Mweupe wangu kapanda kwenye kochi, kaniangalia, na yeye kaondoka. Mwisho kaja Watasema na sikio lake, kajilaza nyuma ya jikoni, na karibu yake nasikia mtu akimsemesha Kizigua taratibu. Na sauti nyingine tena, naijua: cherehani yangu. Imewekwa kibarazani.

Nimeamka nikilia.

Wiki nzima tunamhurumia mbwa wa Arusha tusiyemjua. Mama yetu tulimpakia rangi chumba, tukamfungia geti, tukaenda zetu kazini.

Nikaenda chumbani kumwamsha Bakari, nikamwambia. Akaketi kitandani, akajishika kichwa. Kisha akanipa simu yake, "Piga wewe. Mimi sitaweza kusema."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, njoo na Watasema."



"Atalala wapi?"

"Nje, nyuma ya jikoni. Bakari atamjengea banda."

"Na mchana, mwanangu?"

Nilijua ataniuliza. Ile nafasi yangu ya sokoni niliigombania sana, na wateja wa kupita nitawakosa, hilo sijidanganyi.

"Mchana nitakuwepo, mama. Cherehani inahamia nyumbani."

Hakunijibu mimi. Nilisikia simu ikishushwa, kisha sauti yake ikapaa uani, Kwamsisi nzima isikie:

"Watasema! We Watasema! Njoo, tunaitwa!"