Mwambie Wakili Nani Alitoa Kile Kifuniko

Mjukuu wangu,

Mjinga wewe, na ujinga huo hukuutoa kwangu! Wakili anahangaika kukudaia fidia ya vidole vyako, nawe unamdanganya? Mkeo kanieleza. Eti kifuniko cha msumeno kilidondoka chenyewe. Kina miguu?

Huku tunapumua. Kuku mweusi ameangua, na paa bado linavuja juu ya kitanda changu.

Najua unamficha mjomba wako, kwa sababu ndiye msimamizi wenu hapo kiwandani. Jana alikuja kunibembeleza. "Mama, mwambie anyamaze. Nilikitoa mimi ili mbao ziende haraka. Wakijua, nimekwisha." Nikamuuliza, "Na vidole vya mtoto wa dada yako vitaota tena?" Akaiacha chai niliyompa, akaondoka bila kuaga.

Nimemzaa mimi, na nimelia, usiniulize zaidi. Lakini marehemu mama yako aliniachia mtoto mwenye mikono mizima.

Kesho rudi kwa wakili ukamweleze yote, usimfiche kitu. Akitaka shahidi, mwambie aniite mimi.

Ni mimi bibi yako, mama yake mjomba wako.